Vumbi Halina Kelele

Mfanyakazi akianguka kutoka juu ya jengo, kila mtu husikia. Wenzake humkimbilia, na habari zake hufika magazetini. Lakini yule aliyevuta vumbi la mawe mgodini kwa miaka mingi haanguki mbele ya watu. Hukohoa, hukonda, hurudi kwao. Na akifa majirani husema ameuawa na kifua. Nani atakumbuka mgodi?

Hesabu zatisha. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao. Ajali huua kama 330,000. Waliobaki, yaani milioni 2.6, huuawa na maradhi. Basi adui mkubwa wa mfanyakazi ni yule asiyeonekana.

Adui huyo ana sura nyingi. Mgodini ni vumbi linaloyafanya mapafu kuwa magumu. Kiwandani mwa pamba ni vumbi la nyuzi linalobana pumzi. Shambani ni dawa ya wadudu, ambayo kibarua huinyunyiza mikono mitupu. Karakanani ni kelele za mashine, ziuazo masikio kidogo kidogo.

Hapa Tanzania sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, iliyoiondoa ile sheria ya viwanda ya enzi za wakoloni, yataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kuanza kazi na tena awapo kazini. Sheria ya fidia ya mwaka 2008 nayo yatambua maradhi yatokanayo na kazi. Lakini fidia hudai ushahidi. Asiyepimwa ataonyesha nini?

Kwa hiyo twasema wazi: kofia ngumu na viatu ni jambo jema, lakini havitoshi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanapokutana na waajiri kuzungumza mishahara, na waulize pia vipimo viko wapi. Wako wafanyakazi wanaokwepa kupimwa kwa kuogopa kufukuzwa. Hofu hiyo si ya kubezwa. Ni wajibu wa chama kusimama nao, ili aliyeonekana ameanza kuugua ahamishiwe kazi nyingine, asitupwe nje.

Mshahara uliochelewa waweza kulipwa kesho. Mapafu yaliyokwisha kuharibiwa na vumbi la mawe hayana dawa. Dawa yake ni kinga, na kinga ni ya leo.