Fimbo Haiondoi Zebaki

Wapo wazazi Geita na Shinyanga wanaolalamika kuwa watoto wao ni watoro, wakali na wasahaulifu, kisha huwachapa. Tuseme kweli. Mtoto aliyeshinda machimboni Nyarugusu au Mwakitolyo akiponda mawe na kuvuta moshi wa zebaki, sumu inayodhuru ubongo, atatuliaje darasani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwisha kuikataza kazi hiyo. Mzazi anayepokea fedha ya dhahabu mkononi mwa mwanawe, kisha akamwadhibu kwa utoro, ni mnyonyaji nyumbani mwake mwenyewe. Ndugu wazazi, kabla ya kushika fimbo ulizeni: jana mtoto alikuwa wapi, na nani alimtuma? Mtoeni machimboni, mpelekeni zahanati, mrudisheni shuleni. Ukaidi wake ni kilio, tumsikilize.