Mashauri ya Nyumbani: Vitonge vya Udongo



Dominika iliyopita, baada ya Misa, mama mmoja wa Hewa Bora alinisimamisha nje ya kanisa. "Mwalimu," akasema, "uwanja wangu ni mdogo kama mkeka, na udongo wake siuamini. Kijana wangu ameniambia kwamba siku hizi mboga huoteshwa katika maji, juu ya vitonge vya udongo uliochomwa. Fedha ninazo kidogo, nimeziweka kwa minervali yake. Je, ninunue mfuko wa vitonge vya Ulaya, ama nivifinyange na kuvichoma mwenyewe?"

Nilimwomba juma moja la kufikiri. Leo namjibu hapa, kwa kuwa swali lake ni la jamaa nyingi.

Kwanza, mashaka yake juu ya udongo si ya bure. Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na tanuru la shaba likaanza kazi mwaka 1911. Kwa miaka mingi moshi na vumbi vya madini vimeanguka juu ya ardhi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini, na watoto hasa. Basi mama atakaye kuwapa watoto wake mboga safi hana kosa, ana busara.

Pili, tufahamu vitonge hivyo ni kitu gani. Si tofali lililovunjwa tu. Mwaka 1918 Stephen Hayde, Mmarekani, alipewa haki ya uvumbuzi wake wa kuuvimbisha udongo kwa moto. Udongo wa mfinyanzi hupitishwa katika tanuru lizungukalo, lenye joto la digrii 1,200 hivi. Hewa zilizomo ndani husukuma, nao udongo huvimba kama andazi katika mafuta. Ukipoa huwa mwepesi, wenye matundu ndani na ganda gumu nje. Matanuru yetu ya matofali kwa kawaida hayafiki joto hilo, seuze mbabula ya jikoni.

Hayo nayasema kwa kuwa nimeyaonja. Siku moja mimi na wanafunzi wangu tulifinyanga vitonge vya udongo wa kichuguu, vikubwa kama gololi, tukavitia katika mbabula. Vile vilivyokuwa bado na unyevu vilipasuka kwa mshindo, tukarudi nyuma sote. Vya katikati vikawa vyekundu, vizuri kwa macho. Vya pembeni tulipovitia katika maji vilirudi kuwa matope kabla ya kengele ya saa sita. Gunia zima la makala likawa limekwisha. Wanafunzi walicheka, nami sikuwa na neno. Nilifikiri juu ya miti iliyokatwa msituni ili tupate ndoo moja ya matope.

Basi ninunue? atauliza mama. Sikiliza kwanza: kitonge hakilishi mmea. Kazi yake ni kushika mizizi, kuweka unyevu, na kuacha nafasi ya hewa, maana mizizi isiyopata hewa huoza. Chakula cha mmea kimo katika maji, kwa mbolea iliyoyeyushwa humo. Anayemaliza fedha zake kwa kununua vitonge, akakosa mbolea, amejenga meza nzuri na kuwaalika wageni wasio na bukari.

Kwa kazi hiyo ya kushika, vipande vya tofali lililochomwa vizuri vyatosha. Ni vizito kuliko vitonge vya Ulaya, lakini lengalenga haitauliza vimetoka wapi. Fanya hivi:

Tafuta vipande vya tofali jekundu kutoka tanuru lililo mbali na viwanda na mito ya migodi. Vivunje viwe kama punje ya njugu hadi kidole gumba. Loweka vichache kwa siku nzima. Vikimeng'enyuka, havikuiva, vitupe. Dondoshea vingine maji ya limau. Vikitoa povu, vina chokaa, navyo vitaharibu maji yako. Vilivyoshinda vioshe mpaka maji yawe meupe.

Chukua bidoni lililokuwa la mafuta ya kula, kamwe si la asidi wala la dawa. Kata sehemu ya juu, toboa tundu ubavuni, vidole vinne juu ya kitako. Jaza vipande, panda miche, kisha mimina maji yenye mbolea. Maji ya ziada yatatoka tunduni, yaliyobaki chini yatapanda pole pole hata mizizini. Mbolea iwe ile iyeyukayo yote majini, yenye kalisi, magnesi na chuma pia, siyo ile ya shamba la mahindi tu. Nawe fuata kipimo kilichoandikwa juu ya mfuko. Vipande visimame juu ya maji daima, ili mbu wasizae humo wakatuletea malaria. Funika bidoni kwa kitambaa cheusi, maana mwanga ukipenya, uvundo wa kijani utaota.

Neno moja la onyo. Wako wanaovutwa na changarawe nyeusi za takataka za shaba, kwa kuwa ni ngumu na hupatikana bure. Zisiguse mboga yako! Mlima ule mweusi wa mjini kwetu una kobalti ya kutosha hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza kuchimbwa upya. Kilicho mali kwa kiwanda ni sumu katika chungu cha mama. Tena, ijapokuwa mboga yako haigusi ardhi, vumbi hulifikia jani. Ioshe vema kabla ya kuipika.

Mtume Paulo alitufananisha na vyombo vya udongo vilivyobeba hazina. Chombo kina heshima yake, lakini hazina haitoki katika chombo. Tujifunze kutambua kinachoshika na kinacholisha, katika bustani na katika nyumba zetu.

Basi, mama wa Hewa Bora, anza na bidoni moja na vipande vya tofali. Nunua mbolea kidogo. Fedha za minervali ziache pale pale ulipoziweka.