Dawa za sokoni Nizi: kidonge nacho kipimwe kama dhahabu

Hapa Nizi, hakuna mnunuzi wa dhahabu anayetoa pesa bila mizani. Punje moja inaweza kuleta ubishi wa saa nzima. Lakini dawa ya mtoto tunainunua sokoni kwa kuangalia rangi tu.

Sisi wakaaji wa Ituri tulishalipia jambo hilo. Kuanzia Desemba 2014, wagonjwa walifika hospitali shingo zimepinda, uso na ulimi vimekazana. Watoto walikuwa wengi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe ni kidonge cha manjano: kiliuzwa kwa jina la diazepam, ila ndani kulikuwa haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Hadi Agosti 2015, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamelazwa. Onyo la Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoka Julai 2015, miezi saba tangu wagonjwa wa kwanza. Vidonge vilibidi vipimwe ng'ambo.

Leo sayansi inaweza kukiuliza kidonge jina lake. Kuna leza inayopiga mwanga wa femtosekunde: gawanya sekunde moja mara milioni, kipande kimoja mara milioni tena, kisha mara elfu. Mwanga huo ukigonga fuwele maalum, unazaa mawimbi ya terahezi. Mawimbi hayo yanapenya karatasi na plastiki, na kila dawa inameza sehemu yake, kama alama ya kidole. Kidonge kinasomwa bila kuvunjwa. Alumini ndiyo inayazuia.

Siombi mashine hiyo iletwe Nizi kesho. Ni ghali, na inataka umeme usiokatika. Lakini iko ndugu yake mdogo, kifaa cha Raman: leza ya kushika mkononi, inayotumia betri. Nacho kina mipaka yake. Dawa ikiwa kidogo sana ndani ya kidonge, kinaweza kudanganyika. Tena bila sampuli za dawa halisi za kulinganisha, ni tochi tu. Kwa hiyo hakiondoi maabara. Kinasaidia kujua haraka ni katoni gani isimamishwe kwanza.

Ndiyo maana naiomba serikali ya jimbo mambo matatu. Vifaa hivyo viwekwe Bunia na kwenye mipaka ya Mahagi na Aru, pamoja na watu waliofundishwa kuvitumia. Iwepo maabara hapa jimboni ya kuthibitisha. Na dawa yenye mashaka itangazwe redioni siku ileile, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu.

Wazazi, nasi tusikae tu. Tutunze pakiti ya kila dawa tunayonunua. Mtoto akibadilika baada ya kumeza kidonge, tumpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti hiyo. Mwaka 2015 ni vidonge vyenyewe vilivyotoboa siri.