Nani anaamuru? Tumechoka kulindwa na watu wenye kungoja simu



Tarehe 6/6/2014, usiku, wauaji waliingia Mutarule, pale territoire ya Uvira. Waliua raia wasiopungua 30. Askari wa ONU walikuwa kilometa 9 tu. Habari iliwafikia. Hawakufika. Jeshi letu pia lilikuwa karibu, nalo halikufika.

Wakati ule tulikuwa wanafunzi. Leo tuko na diplome, kazi hatuna, na swali ni lile lile: nani anaamuru?

Wasituambie ni bunduki zinakosekana. Tangu 2013, azimio 2098 lilileta brigade ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndani ya MONUSCO, na ruhusa ya kushambulia. Shida iko pengine. Komanda wa misioni anatoa amri, lakini ofisa wa kikosi anauliza kwanza wakubwa wa kwao. Wakisema ngoja, anangoja. Na sisi tunazika.

Si uzushi wetu. Wakaguzi wa ONU yenyewe waliliandika mwaka 2014. Walitazama misioni zake mbalimbali, 2010 mpaka 2013: kwa matukio 507 yenye kugusa raia, misioni zilijibu palepale mara 101. Moja juu ya tano!

Tunajua nchi hizo zinaogopa kupokea majeneza. Askari ni watoto wa watu, na wengi wamefia huku kwetu. Lakini mwenye kuogopa aseme mbele, asitupe matumaini ya bure.

Kisha wakaongeza vichwa. Mwisho wa 2022, jeshi la EAC. Kinshasa ilitaka lipigane. Viongozi wa EAC walisema limekuja kusimamia waasi waondoke. Desemba 2023 likarudi kwao, SADC ikaingia. Kila mutu na komanda wake. Januari 2025 Goma ikaanguka, MONUSCO na SADC wakiwa mulemule.

Njo maana tunadai:

1. Kila nchi yenye kutuma askari itangaze wazi ni amri gani haitatii.
2. Kila amri iliyokataliwa iandikwe, na raia waambiwe nani aliikataa.
3. Serikali isikaribishe tena jeshi la kigeni bila makubaliano ya amri moja yenye kusomwa Bungeni.
4. FARDC ijibu kwanza. Kutulinda ni kazi yake, si ya mugeni.

Kijana, usinyamaze. Uliza katika kila kikao, kila avenue, kila mahali: siku ile, nani aliamuru?