Babu akionja, mjukuu anatazama

Desemba ikifika, barabara ya kwenda Moshi hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wanapanda Marangu, Kibosho, Machame na Rombo, na kwenye mizigo, pamoja na mchele na vitenge, mara nyingi ipo chupa ya whisky ya mzee. Mzee naye ameshaagiza mbege. Vinywaji viwili vinakutana kwenye meza moja, na watoto wamezunguka wanatazama.

Vinywaji hivi vina undugu. Whisky nyingi za madukani ni za kuchanganywa: whisky ya kimea cha shayiri, yenye ladha nzito, huunganishwa na nyingine nyepesi ya nafaka kama ngano au mahindi. Kazi ya mchanganyaji ni kuhakikisha chupa ya leo ina ladha ile ile ya jana. Mama mpika mbege hufanya kazi hiyo hiyo. Huchemsha ndizi mbivu, huziacha zichachuke kwa siku kadhaa, huchuja, kisha huchanganya na uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewa hutia uchungu wake. Kipimo chake ni ulimi na uzoefu.

Kuonja nako kuna adabu. Kwa desturi, mwenye mbege huonja kwanza mbele ya wageni ili waone ni salama, ndipo kata izunguke kuanzia kwa wakubwa. Whisky humiminwa kidogo, hunuswa kwanza, halafu funda dogo hukaa mdomoni kabla ya kumezwa. Matone machache ya maji husaidia harufu itoke. Kote kuwili, anayejua kuonja hana haraka.

Tofauti kubwa ni nguvu. Whisky ina kilevi cha asilimia 40 au zaidi. Bia ya kawaida ina kama asilimia 5. Maana yake mililita 60 za whisky zina kilevi karibu sawa na chupa ya bia ya mililita 500, na chupa nzima ya mililita 750 ni sawa na bia 12. Anayekunywa whisky kwa mwendo wa mbege atajikuta chini kabla ya chakula. Na atakayeshuka na gari kurudi mjini asionje chochote.

Sasa watoto. Katika sherehe nyingi husikika: "Mwonjesheni kidogo, naye ni Mchagga." Maneno hayo yana upendo ndani yake, lakini mwili wa mtoto ni mdogo. Kilevi kinaweza kushusha sukari katika damu yake hadi apoteze fahamu, na ubongo wake bado unakua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumuuzia pombe. Mama mjamzito naye aiache kata ipite, kwa sababu anachokunywa humfikia mtoto tumboni.

Kumkatalia mzee mbele ya watu ni vigumu, kwa hiyo zungumza naye mapema, pembeni, kwa heshima: "Baba, huyu mjukuu wako tunaomba umpe baraka kwa mkono, pombe asubiri akue." Wazee wengi wataelewa wakiambiwa hivyo kabla ya wageni kufika.

Wala mtoto hahitaji kunywa ili awe wa nyumbani. Mpe kazi. Amenye ndizi na bibi, auone ulezi ukichipua, aonyeshwe mti wa msesewa, ajue kwa nini mwenyeji huonja kwanza. Zaidi ya yote, mwone anavyokutazama wewe. Mzazi anayeonja taratibu, akasema inatosha na kuinuka kwa miguu yake, amemfundisha mwanawe bila hotuba. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.