Mlango Hauchongwi kwa Gogo Moja

Kila ninapokaa na vijana wanaojifunza kuchora nyumba kwa programu ya SketchUp, nasikia maneno yale yale kuhusu milango na madirisha. Baadhi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi.

La kwanza ni kwamba kupachika komponenti, yaani kipande ambacho nakala zake zote hubadilika pamoja, ndani ya komponenti nyingine ni kujisumbua: chora mlango mzima kwa mkupuo, uendelee na kazi. Anayesema hivi hajawahi kuombwa na mwenye nyumba aongeze upana. Chukua mlango wa milimita 900 wenye miimo ya milimita 50. Ukiuvuta ufike 1,200, programu haijui kipi ni mwimo na kipi ni ubao. Inavuta vyote kwa uwiano mmoja, mwimo unanenepa hadi karibu milimita 67, na kitasa kinatanuka kama samaki aliyekanyagwa. Fundi akipelekewa mchoro huo atacheka, halafu atakata mbao anazozijua yeye. Kama fremu, ubao, bawaba na kitasa vimekaa kila kimoja peke yake ndani ya komponenti kubwa, unaingia, unausogeza mwimo mmoja, unarefusha kizingiti cha juu na ubao, kitasa hukigusi. Wapo wanaonijibu kwamba tangu toleo la 7 la mwaka 2008 kuna komponenti zinazojirekebisha zenyewe kwa kanuni. Sawa, lakini kanuni hizo huandikwa kipande kwa kipande. Mlango usio na vipande utauandikia kanuni gani?

La pili: “Komponenti ya dirisha hujikatia tundu yenyewe.” Hujikatia, ila uso mmoja tu, ule ambao imebandikwa. Ukuta wa tofali la inchi 6 una nyuso mbili katika modeli, kwa hiyo ukichungulia kupitia kioo unakutana na ukuta wa ndani umesimama pale pale. Uso wa pili inabidi uukate mwenyewe. Tena hapa ndipo wanaopachika nao hukwama. Mpaka wa tundu huwekwa na mistari iliyo wazi katika ngazi ya juu kabisa ya komponenti, ikilala bapa moja na ukuta. Ukiichukua fremu yenye mistari hiyo ukaifungia ndani ya komponenti nyingine, pamoja na nondo za usalama na wavu wa mbu, tundu linazibika. Wengi hapo hulaumu upachikaji wenyewe. Dawa ni ndogo: acha mstatili mtupu katika ngazi ya juu, uipe komponenti ya nje kazi ya kujibandika na kukata, kisha vitu vingine vyote uvipange ndani.

Kuna dai la tatu ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuliamini, likanigharimu usiku mzima. Linasema ukishaitenga nakala moja ya dirisha, basi iko huru na wenzake. Nilitenga dirisha la bafuni, nikaingia ndani nikabadilisha kioo angavu kuwa cha ukungu. Asubuhi sebule nzima ilikuwa na vioo vya bafuni. Kutenga komponenti ya nje hakuzitengi zilizo ndani yake. Kioo kilikuwa bado kile kile kinachotumiwa na madirisha yote. Ukitaka kubadilisha cha ndani, tenga na cha ndani.

Kuhusu madai kwamba upachikaji huu hulemaza kompyuta, sina mengi. Bawaba iliyotumika mara 60 huhifadhiwa mara moja tu katika faili, ingawa skrini bado hulazimika kuzichora zote. Kinacholemaza ni kitasa kilichopakuliwa kutoka maktaba ya mtandaoni ya 3D Warehouse kikiwa na maelfu ya nyuso, mpaka skrubu zake zina hesi.

La mwisho, “mlango wa kushoto ni wa kulia uliogeuzwa.” Kwa macho, ndiyo. Lakini ukigeuza, komponenti hubaki na jina lile lile, na orodha ya kuhesabia itasema milango 14 bila kumwambia fundi mingapi bawaba zake ziko upande upi. Mlango wa Kizanzibari wa pande mbili ndio unaofundisha vizuri zaidi: mfaa unaoziba mwanya wa katikati umeshikamana na upande mmoja tu, kwa hiyo pande hizo mbili si pacha hata zikichongwa nakshi moja. Ukigeuza upande wenye mfaa upate wa pili, utapata mifaa miwili. Mimi hutengeneza komponenti mbili zinazotumia bawaba na kitasa kimoja ndani yake, na majina nayaandika yote, maana kushoto na kulia vyote huanza na “ku”, na kifupi chake hakimsaidii fundi.