Big G Haitakuokoa kwa Alcoblow

Wasee, kila wikendi kuna mtu wa kontenti anawauzia ujanja mpya wa kupita alcoblow. Tafuna Big G. Lamba sarafu. Kunywa kahawa nyeusi. Video inapata likes kibao, nawe unawasha gari ukijiona mjanja. Ni uongo, na uongo wa kuzika mtu.

Hiyo mashine hainusi. Ndani kuna kidude kilichopakwa platinamu, ile ile ya pete za bei, lakini kwa chembe ndogo sana hadi inaonekana nyeusi badala ya kung'aa. Mbona ndogo? Kwa sababu kemia yote inafanyika juu ya uso wa chuma. Kipande kizima kina uso kidogo. Kikiwa chembe tele, uso unaongezeka ajabu na uzito ni ule ule. Pombe iliyo kwa pumzi yako ikigusa hapo inaoksidishwa, inageuka asidi ya vinega, hiyo hiyo unayomwagia chipo, na elektroni zinatoka. Umeme huo ndio unapimwa. Pombe nyingi, umeme mwingi. Platinamu yenyewe haiishi, inangoja msee anayefuata. Tom Parry Jones, mkemia wa Wales, alikuwa kati ya waliofanya kipimo hiki kikae mkononi, miaka ya 1970. Yaani mnashindana na kitu kilichowazidi umri.

Sasa niambie mnanaa unaingilia wapi hapo. Pombe inatoka kwa damu, inapitia mapafu, na lazima upumue, ama?

Wanaonichekesha zaidi ni wa dawa ya kusukutua mdomo. Manze, nyingi zina pombe! Unajiongezea mwenyewe mbele ya karao. Ya mdomoni huisha kwa kama dakika 15, ndiyo maana kipimo cha haki hungoja kidogo, na hiyo unaweza kuidai. Ya damuni inangoja ini, na ini halina haraka. Kahawa inakupa tu mlevi aliye macho.

Najua mtasema, "Wewe si uliacha chuo?" Niliacha chuo, sikuacha kusoma.

Nyinyi mnaouza hizi video mnajua haziwezi kufanya kazi. Hamjawahi kuzijaribu kwenye mashine, mnajaribu kwa kamera. Anayezijaribu barabarani ni mtoto wa miaka 19 na gari la babake, na abiria watatu nyuma.

Leo ni Ijumaa. Kama video ya sarafu iko kwa grupu yenu ya WhatsApp, mwambie aliyeituma aitoe kabla ya saa mbili usiku.